Upande wa Kushoto wa Barabara

Jumatatu, 12 Mei

Baridi. Gari limewaka mara ya pili. Nimempeleka mjukuu wangu Kemunto shuleni, nikamshusha mke wangu Bosibori sokoni Ekerenyo na mikungu minne ya ndizi, nikawa nimerudi nyumbani kabla ya saa mbili. Viti vya nyuma ukivilaza, kigari hiki kinabeba ndizi kuliko mtu anavyodhani akikiona kwa nje. Kemunto hukaa juu ya mapaja ya nyanya yake, katikati ya harufu ya utomvu.

Kwenye kona ya kituo cha majani chai tulinasa matopeni. Wanaume wanne waliokuwa wakingoja lori wakaliinua gari, wakaliweka pakavu kama watu wanaohamisha meza. Walicheka sana. Mimi pia. Gari kubwa lingengoja trekta.

Kioo cha pembeni cha kushoto kimevunjika. Niliparuza lango nikitoka. Nimemwambia Bosibori ni utelezi.

Alhamisi, 15 Mei

Wiki hii imetimia miaka minne tangu nilinunue gari hili. Nilikuwa nimestaafu ualimu mwezi uliotangulia. Lilikuwa nyuma ya duka la vitambaa mjini Kisii, limefunikwa shuka. Mwenye duka, Mhindi mpole wa umri wangu, aliniambia mama yake ndiye aliyekuwa akiliendesha hadi miguu ikakataa. Madalali walikuwa wamelipita miaka miwili. Walikuja, wakaulizia pikapu iliyokuwa kando, wakaondoka. Injini ndogo, magurudumu madogo, rangi ya chai ya maziwa. Gari la kina mama, walisema.

Mama mwenyewe alitoka kibarazani kuona nani anayelichukua. Akaniambia nisiliache juani. Ni hayo tu.

Vijana wa hapa wanaliita Kibiriti. Sawa. Limeshawapeleka wake zao kujifungua, mara nne, na mara moja tulichelewa kidogo ikabidi niliwekee viti vipya vya nyuma.

Jumamosi, 17 Mei

Sabato. Kanisani na kurudi.

Bosibori amekuwa mtu wa maneno mengi garini. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na njiani siku zote alikuwa mtu wa kunyamaza na kutazama mashamba. Sasa kila kitu anakitaja. Ona ng'ombe wa Mogaka walivyosimama barabarani. Ona yule wa boda na godoro lake. Wale watoto wanataka kuvuka. Nilimwambia nina macho. Akanyamaza hadi darajani, kisha akaanza tena.

Inachosha. Sijui ni uzee wake au wangu.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwaga chai. Kikombe kilikuwa palepale, kushoto kwa mkono wangu. Mara ya tatu mwezi huu.

Ijumaa, 23 Mei

Leo nilibaki peke yangu nyumbani, nikafanya jambo nililokuwa naliahirisha. Niliketi barazani nikaziba jicho la kulia kwa kiganja. Jicho la kushoto likaniletea mlango wa zizi na sehemu ya paa lake. Basi. Mgomba ulio kando haupo. Ua haupo. Si giza. Hakuna kitu tu, kama ukurasa uliochanwa. Ni kama kutazama kwa bomba.

Nikaziba la kushoto. La kulia ni zuri zaidi lakini nalo limeanza.

Nimeogopa. Hilo ndilo neno, na sitalitafutia jingine.

Sitamwambia mtu. Shule ya Kemunto iko kilomita nne na mama yake, binti yetu Moraa, yuko kazini Nakuru; alituachia mtoto akijua tuna gari. Magoti ya Bosibori hayawezi kilima. Na mimi je? Bila gari mimi ni mzee aliyekaa kwenye kiti nyumbani. Nitaendesha mchana tu. Polepole. Barabara ninazozijua tu.

Jumatano, 28 Mei

Nimemgonga mtu.

Niandike kwa utaratibu. Bosibori yuko Nyamache tangu juzi kwa dada yake aliye mgonjwa. Nilikwenda kumchukua Kemunto saa kumi. Manyunyu. Nilikuwa taratibu sana, gia ya pili. Karibu na kituo cha majani nilisikia mlio kama wa kijiti kikivunjika, na gari likatikisika kidogo upande wa kushoto. Nikafunga breki. Kemunto akasema, "Sokoro, umemgonga mtu." Ananiita Sokoro, babu, kwa Kigusii. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Alikuwa Mama Nyaboke, jirani yetu, mjane, tunaimba kwaya moja. Ameketi kwenye nyasi kando ya barabara. Kikapu chake kimepinduka na majani ya chai ya siku nzima yametapakaa kwenye tope. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

Kabla sijafungua mdomo alisema, "Pole, mwalimu. Ni mimi nilisimama vibaya."

Nikamwambia, "Pole sana." Sikusema zaidi.

Alianza kuokota majani kwa mkono mmoja. Kemunto akamsaidia. Mimi nilisimama tu. Kisha nikampeleka zahanati kwa gari lilelile. Kifundo cha mkono kimeteguka, hakikuvunjika. Wamekifunga.

Angekuwa hatua moja zaidi barabarani, leo tungekuwa na msiba.

Sikumwona. Sisemi nilichelewa kumwona au nilimwona kwa shida. Sikumwona kabisa. Barabara ilikuwa tupu.

Alhamisi, 29 Mei

Watu wamekuja kunipa pole. Mimi. Mama Nyaboke amemwambia kila mtu kwamba mawazo yake yalikuwa mbali, na kwamba mwalimu aliendesha kwa busara, la sivyo angekufa. Mzee wa kanisa amesema barabara ile inahitaji njia ya waendao kwa miguu. Tukaafikiana. Niliafikiana naye, nikiwa nimekaa, nikinywa chai.

Asubuhi Kemunto aliniuliza kwa nini Mama Nyaboke anasema alisimama vibaya wakati alikuwa kwenye nyasi. Nikamwambia amalize uji.

Nimefundisha watoto miaka thelathini na sita. Leo nimemfundisha huyu kunyamaza.

Ijumaa, 30 Mei

Sijaendesha. Nimesema betri imechoka. Kemunto amekwenda kwa boda, amerudi amelowa.

Jumamosi, 31 Mei

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo.

Jumapili, 1 Juni

Bosibori amerudi kutoka Nyamache saa sita. Habari za ajali alikuwa ameshazipata kwa simu, zile za Mama Nyaboke. Nilimngoja ale. Kemunto alikuwa nje. Nikamweleza yote: ajali, kikombe, lango, jicho la kushoto.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Najua, Baba Moraa."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu Februari. Nilikuwa nimesimama pale sokoni nakungoja, nimeinua mkono. Ukanipita. Hukunipita kwa hasira. Ulinipita kama mtu asiyekuwepo."

"Mbona hukusema?"

"Ungeacha kuendesha?"

Nilikusanya sahani.

"Basi nikawa naisema barabara," akasema. "Kila kilichokuwa upande wako mbaya nilikitaja."

Ng'ombe wa Mogaka. Godoro. Watoto wanaotaka kuvuka. Miezi minne amekuwa akiniendesha kwa mdomo na mimi nikimwambia nina macho.

Nilipaswa kushukuru. Nilikasirika badala yake. Nilimwambia, "Na ulikwenda Nyamache ukamwacha mtoto apande na mimi." Yalinitoka kwa ukali.

"Hapo nilikosea," akasema. "Dada alikuwa mgonjwa, nikajipa moyo kwamba ni siku chache. Nimekosea. Lakini wewe pia umekosea, tena wewe ndiye uliyeshika usukani."

Akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tulipomzika mama yake. Nilitaka kumgusa bega na sikujua kama ninaruhusiwa.

Jumanne, 3 Juni

Kliniki ya macho, Kisii. Tulikwenda wote wawili kwa gari la abiria. Foleni ndefu. Daktari ni msichana mdogo aliyenisalimia kwa heshima na kuniketisha mbele ya mashine. Ukiona nukta ya mwanga unabonyeza kitufe. Nilikaa muda mrefu bila kubonyeza. Nilidhani mashine haijawashwa.

Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki watakilinda kwa dawa ya matone, kila jioni, maisha yangu yote.

Aliniuliza kama naendesha gari. Nikasema niliendesha hadi Jumatano iliyopita. Akaandika kitu. Kisha akaweka kalamu chini na kunitazama. "Mzee, usiendeshe tena." Hakuwa mkali. Nami niliwahi kuwapa wazazi habari za namna hiyo kuhusu watoto wao, kwa sauti hiyohiyo, na sikujua inavyosikika ukiwa upande huu.

Njiani kurudi Bosibori hakuitaja barabara. Nilikaa dirishani.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda kwa Mama Nyaboke. Peke yangu, kwa miguu.

Alikuwa uani akichambua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Alitaka kuinuka aniletee kiti. Nikamwomba asiinuke. Nikamwambia hakusimama vibaya. Nikamwambia macho yangu yamekufa upande, nilijua kabla ya siku ile, na nilimwacha ajilaumu mbele za watu kwa sababu niliona haya.

Aliendelea kuchambua.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "wiki nzima nimekuwa nikijiuliza kama akili imeanza kunitoka. Mama yangu alianza hivyo. Nimewaambia watoto wangu wanitazame."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika aibu yangu yote, hilo halikunijia hata mara moja.

"Ungeniambia siku ileile," akasema.

"Ndiyo."

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Alinionyesha shamba lake kwa kidevu. Majani yamepevuka na mkono haufanyi kazi. "Kama unaona vizuri mbele yako, utaweza kuchuma," akasema.

Ninaona vizuri mbele yangu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimechuma kuanzia saa moja hadi saa tano. Majani mawili na chipukizi, wengine hawafuati hilo lakini Mama Nyaboke anafuata, na anakagua. Alitoa matawi magumu kutoka kikapuni kwangu. Mgongo unauma.

Watu wa kituoni wameuliza mwalimu anafanya nini na kikapu. Niliwaambia ukweli. Mara ya kwanza ilikuwa ngumu. Mara ya nne haikuwa rahisi pia.

Jumapili, 8 Juni

Dalali amekuja. Sijui nani alimwambia. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga gurudumu teke, akasema halina mnunuzi lakini yeye atalichukua kwa vipuri. Nilikuwa karibu kukubali. Nilitaka liondoke mbele ya macho yangu, hayo yaliyobaki.

Bosibori alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akamwambia gari haliuzwi, karibu chai. Dalali hakunywa.

Akaniambia, "Nifundishe."

Ana miaka hamsini na saba. Hajawahi kushika usukani. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 12 Juni

Amejiandikisha shule ya udereva Nyamira. Wenzake ni vijana wa boda na wasichana waliomaliza sekondari. Wanamwita Mama na kumwachia kiti cha mbele. Amerudi na kijitabu cha alama za barabarani. Alikisoma akipika. Ugali uliungua kidogo chini. Kemunto alimuuliza maswali, naye akakosa mawili, akakasirika kweli.

Jumapili, 15 Juni

Mwalimu wake wa shule ya udereva alilileta gari letu hadi uwanja wa shule ya msingi, akatuacha hapo, akaenda kumwona shemeji yake. Uwanja ni mtupu Jumapili. Nilikaa kushoto.

Klachi ndiyo adui. Aliiachia ghafla, gari likaruka kama mbuzi na kuzima. Mara nane. Mara ya tisa likaenda, likaendelea kwenda, na goli likawa linatujia. Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Alisimamisha gari hatua chache kabla ya mlingoti, akazima, akachomoa ufunguo, akashuka. Akatembea kwenda nyumbani na magoti yake yale.

Nilibaki ndani ya gari nisiloweza kuliendesha. Nilikaa kama nusu saa. Watoto waliokuja kucheza mpira walizunguka wakaniangalia. Mmoja akauliza kama nitatoka uwanjani. Nikasema sijui.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwomba msamaha asubuhi, kabla hajawasha moto.

"Darasani nako ulikuwa ukipiga kelele hivyo?" akauliza.

"Wakati mwingine."

"Pole zao."

Lakini nilikuwa nimewaza usiku kucha na nikamweleza. Si goli lililonifanya nipige kelele. Ni kwamba mguu wangu ulikuwa ukikanyaga breki na breki haikuwepo. Alinitazama kidogo. Akasema Jumapili ijayo nisilete mguu.

Jumapili, 22 Juni

Sikuleta mguu. Nimeketi juu ya mikono yangu. Amezunguka uwanja mara kumi na mbili bila kuzima. Anaendesha kifua kikiwa karibu na usukani na midomo imebanwa, kama mtu anayepenyeza uzi kwenye sindano.

Ni mwanafunzi mzuri. Anauliza kwa nini. Vijana hawaulizi kwa nini.

Jumanne, 1 Julai

Mkono wa Mama Nyaboke umepona. Ameniambia nisije tena kuchuma, ninaharibu mistari yake. Nilipokuwa naondoka alinipa kabichi mbili. Moja ingekuwa adabu. Mbili, nadhani, ni zaidi ya adabu.

Jumapili, 13 Julai

Kilimani leo, pamoja na mwalimu wake, kwa gari la shule ya udereva. Nilikaa nyuma. Alisimamisha gari katikati ya mwinuko, lori la majani nyuma yetu, dereva wake akipiga honi. Bosibori alivuta pumzi, akatafuta ile sehemu ambapo klachi inaanza kushika. Gari likatetemeka mahali pamoja bila kurudi nyuma hata kidogo. Kisha likapanda.

Mimi nilihitaji mwaka mzima kuweza hivyo.

Nimeona fahari. Pia nimeona wivu. Vyote viwili vilikuwepo, na wivu ulikuja kwanza.

Alhamisi, 24 Julai

Amefaulu. Mtahini alimwambia arudishe gari nyuma kati ya vijiti, akarudisha. Alimuuliza alama tatu, akazitaja na ya nne ambayo hakuulizwa. Vijana wawili wa kundi lake wameanguka. Amewahurumia njia nzima.

Moraa amepiga simu kutoka Nakuru. Amelia na kucheka pamoja. Halafu akaomba azungumze nami. Aliniuliza, "Baba, uko sawa?" Nikasema niko sawa. Alingoja. Nikasema siko sawa sana lakini nitakuwa.

Jumamosi, 26 Julai

Sabato. Bosibori ameendesha hadi kanisani, tukampitia Mama Nyaboke. Yeye ni mkubwa kwangu, nikampisha kiti cha mbele. Nilikaa nyuma na Kemunto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Miaka minne na sikuwahi kuketi pale. Sikujua ni pabana hivyo. Watu wote niliowabeba, hakuna aliyewahi kulalamika.

Uani pa kanisa watu walimpigia makofi dereva. Walinisalimia mimi baadaye. Nilijisikia kama mzigo uliopakiwa nyuma. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu ni haki.

Jumatano, 30 Julai

Bosibori amegonga kopo la maua langoni. Hakusema ni utelezi. Alisema, "Nimeligonga."

Jumapili, 3 Agosti

Shule zimefungwa. Bosibori amekwenda Nyamache na Kemunto kumwona dada yake, anayeendelea vizuri. Safari yake ya kwanza ndefu bila mtu mzima mwingine. Aliniuliza kama nataka kwenda. Nilitaka. Nikasema nitabaki.

Nimeshinda nyumbani. Nilipalilia mboga. Nilipika ndizi, zikaiva vizuri. Saa nane nilisimama mara kadhaa kutazama barabara, kisha nikajiambia niache, nikaacha kidogo.

Saa kumi na moja waliingia. Kemunto aliruka nje na kukimbilia jikoni, ana njaa, wamempa miwa lakini ana njaa. Injini ikazimika. Bosibori hakushuka. Nilingoja barazani. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani na alikuwa akitazama mbele, ukutani tu, hakuna kitu pale. Nikapata hofu. Nikaenda.

"Kuna shida gani?"

"Hakuna," akasema. "Nimekaa tu."

Nilimwelewa; nami nilikaa hivyo baada ya safari yangu ya kwanza ndefu. Nilizunguka polepole nikishika boneti, iliyokuwa bado na joto, nikafungua mlango wa pili na kuketi kando yake. Mvua ilianza kidogokidogo juu ya bati la gari. Ndani ya nyumba tulisikia Kemunto akifunua sufuria.

Tulikaa hadi mvua ikashika. Kisha tukakimbia, kadiri tunavyoweza.